Kwa nini lori la lita 13 halina nguvu farasi 1,800

Hesabu yenyewe ni nyepesi, na wepesi wake ndio unaowapotosha wengi. Subaru Impreza WRX STI ya miaka ya 2000, gari ambalo wakazi wa Nairobi na Dar es Salaam hulitambua kwa mlio kabla halijatokeza kwenye kona, ina injini ya lita 2 yenye nguvu farasi 280. Scania ya lita 12.7, ile inayouzwa ikiwa na nguvu farasi 500, ina injini inayoizidi hiyo kwa ukubwa zaidi ya mara sita. Ukigawanya, Subaru inatoa nguvu farasi 140 kwa kila lita, na Scania haifiki 40. Kama kila lita ya lori ingefanya kazi kama lita ya Subaru, lori hilo lingekuwa na nguvu farasi karibu 1,800, na dereva wake angepanda mlima wa Kitonga huko Iringa akiyapita mabasi.

Mjadala huu hauishi vijiweni, na majibu yake huwa mawili. La kwanza ni kwamba Wajapani wanajua kutengeneza injini kuliko Waswidi, na hilo sitalipotezea wino. La pili ni kwamba "lori lina torki, gari dogo lina nguvu farasi", kana kwamba hizo ni bidhaa mbili ambazo mtengenezaji huchagua moja akaiacha nyingine. Jibu hili limerudiwa mara nyingi mpaka limepata heshima lisiyostahili.

Torki ni nguvu ya kusokota, ile ambayo fundi huisikia mkononi anapokaza nati kwa spana ndefu. Nguvu farasi ni kipimo cha kazi inayofanyika ndani ya muda. Ukichukua torki kwa nyutonimita, ukaizidisha kwa mizunguko ya injini kwa dakika, kisha ukagawanya kwa 9,549, unapata nguvu kwa kilowati. Kwa hiyo nguvu farasi imezaliwa na torki yenyewe pamoja na kasi ya mzunguko, na hakuna injini duniani yenye moja bila ya nyingine.

Sasa turudi kwa magari yetu mawili. Scania hiyo ya nguvu farasi 500 inasokota kwa nyutonimita 2,550 kati ya mizunguko 1,000 na 1,300, ambazo ni nyutonimita 200 kwa kila lita. STI za katikati ya miaka ya 2000 zilikuwa na torki inayozidi nyutonimita 400 kwenye mizunguko 4,400, yaani zaidi ya 200 kwa kila lita. Kumbe lita moja ya lori na lita moja ya Subaru zinasokota kwa nguvu ile ile. Hata ukipima pale kila injini inapofikia kilele cha nguvu zake, lori likiwa kwenye mizunguko 1,800 hivi na Subaru kwenye 6,400, kila moja inatoa takriban nyutonimita 150 kwa lita. Honda S2000 ya mwaka 1999, ambayo haikuwa na tabo, yaani kifaa cha kusukumia injini hewa ya ziada, inaonyesha jambo hilo kwa upande wa pili: torki yake ilikuwa nyutonimita 218 tu, takriban nusu ya ile ya lori kwa kila lita, lakini kwa kuwa ilizunguka mara 8,300 kwa dakika ilifikisha nguvu farasi 250.

Tofauti yote, basi, imo kwenye mizunguko. Gawanya 6,400 kwa 1,800 upate 3.6, gawanya 140 kwa 39 upate 3.6 ile ile. Swali la kwa nini lori lina nguvu ndogo kwa kila lita limegeuka kuwa swali la kwa nini lori halizunguki haraka, na hilo lina majibu ambayo mtu anaweza kuyashika kwa mkono akienda kwa fundi aliyefungua injini zote mbili.

Jibu la kwanza ni pistoni, kile kipande kinachopanda na kushuka ndani ya silinda. Katika injini ya Scania niliyoitaja, pistoni husafiri milimita 160 kutoka juu hadi chini, wakati ya Subaru husafiri milimita 75. Kila mzunguko mmoja ni safari mbili, kwenda na kurudi. Kwa mizunguko 1,800, pistoni ya lori inakwenda kwa wastani wa mita 9.6 kwa sekunde. Kwa mizunguko 6,400, ya Subaru inakwenda mita 16. Tukiizungusha ya lori mara 6,400, wastani unaruka hadi mita 34 kwa sekunde. Kwa kulinganisha, injini za Formula 1 zilizotumika tangu mwaka 2014 zina pistoni zinazosafiri milimita 53, na hata zikifikishwa kwenye ukomo wa kikanuni wa mizunguko 15,000 zinakwenda kama mita 26.5. Mtu anayetaka lori lizunguke kama Subaru anaitaka pistoni ya lori iipite ya Formula 1.

Tena hiyo ni kasi ya wastani tu. Kinachovunja injini ni kusimama na kuanza upya, kwa sababu pistoni husimama kabisa juu, ikasimama kabisa chini, na kila mara konrodi, mkono wa chuma ulioishika, ndiyo inayoivuta irudi. Nguvu ya mvuto huo hukua kwa mraba wa mizunguko: ukiongeza mizunguko mara 3.6, mvuto unaongezeka karibu mara 13. Na pistoni yenyewe si nyepesi. Ndani ya silinda ya dizeli ya lori, msukumo wa mlipuko unazidi bar 200, wakati tairi la gari dogo hujazwa bar mbili na kitu, kwa hiyo pistoni hutengenezwa kwa chuma kigumu, pini yake ni nene, konrodi ni nene, na krenkshafti, mhimili unaozungushwa na konrodi hizo, ni ya kubebwa na mashine. Injini nzima ya lori la lita 13 ina uzito wa tani moja hivi. Injini ya lita 2 ya Mercedes-AMG A 45 S, yenye nguvu farasi 421, ina kilo 160.5 kwa tamko la watengenezaji wake. Kilichowekwa kwenye lori ili kuhimili msukumo ndicho kinacholizuia kukimbia.

Jibu la pili ni namna mafuta yanavyoungua. Kwenye injini ya petroli, hewa na mafuta huwa vimeshachanganyika kabla cheche haijapigwa, na kadiri injini inavyozunguka haraka ndivyo mchanganyiko unavyovurugika zaidi na moto kusambaa kwa kasi zaidi. Moto unajitahidi kwenda sambamba na pistoni. Dizeli haina neema hiyo. Hewa tupu inabanwa mpaka inapata joto la kutosha, ndipo nozeli inapopuliza mafuta, na matone hayo lazima yageuke mvuke, yatafute hewa, yachanganyike nayo na kuwaka, yote hayo yakifanyika pistoni ikiwa tayari imeanza kushuka. Kwa mizunguko 1,800, pistoni hutumia milisekunde 17 hivi kushuka. Kwa mizunguko 9,000, ambayo Honda ile iliifikia, ni milisekunde 3.3. Mafuta ya dizeli yakipewa muda huo, mengi yatatoka kwenye ekzosi yakiwa moshi mweusi.

Wapo waliojaribu kuishinda kanuni hiyo kwa fedha nyingi. Audi walishinda mbio za saa 24 za Le Mans mwaka 2006 kwa gari la dizeli, R10 TDI, lenye silinda 12, lita 5.5 na takriban nguvu farasi 650. Ilikuwa kazi ya ajabu, lakini injini hiyo, iliyotengenezwa kwa ajili ya mbio na si kitu kingine, ilifanya kazi chini au karibu ya mizunguko 5,000, ambapo wapinzani wake wa petroli walikuwa ndio kwanza wanaanza kuchangamka.

Ukubwa wa silinda nao una neno lake, na hapa naomba kupotoka kidogo kwenda baharini. Injini ya meli ya Wärtsilä-Sulzer RT-flex96C, iliyofungwa kwenye meli ya makontena ya Emma Mærsk mwaka 2006, ina silinda 14, na kila silinda ina lita 1,820. Inatoa zaidi ya nguvu farasi 108,000 kwa mizunguko 102 kwa dakika. Kwa kila lita hiyo ni nguvu farasi 4 na kidogo, aibu tupu kwa kipimo cha kijiweni. Lakini pistoni yake husafiri mita 2.5 kwenda na nyingine 2.5 kurudi, kwa hiyo kasi yake ni mita 8.5 kwa sekunde, pua na mdomo na pistoni ya Scania inayopanda mlima. Injini kubwa zote hukutana mahali pamoja: chuma kina kasi yake, na silinda ikirefuka mizunguko inapungua ili kasi hiyo isivukwe. Ndiyo maana kupima injini kwa nguvu farasi kwa lita, bila kuangalia ukubwa wa silinda, ni sawa na kumlaumu tembo kwa kuwa moyo wake haupigi kama wa panya.

Hadi hapo msomaji anaweza kudhani kwamba lori limefungwa na maumbile kwenye nguvu farasi 500. Halijafungwa, na hapa ndipo ninapotofautiana na wachambuzi wengi wa magari, ambao wakishaeleza pistoni na dizeli huona wamemaliza. Katika mashindano ya malori ya Ulaya, injini za lita 13 hivi, ndugu wa zile zinazovuta makontena, hutoa zaidi ya nguvu farasi 1,000, na lori zima lina tani tano na kitu. Volvo Penta huuza injini ya boti za starehe, D13-1000, ambayo msingi wake ni ule ule wa lita 12.8 unaokwenda kwenye malori ya Volvo kwa nguvu farasi 420, 460, 500 au 540. Kwenye boti inatoa 1,000. Ni silinda sita zile zile na nafasi ile ile, ila tabo, mfumo wa kupooza, nozeli na mizunguko vimebadilishwa, na kubwa kuliko yote, kimebadilishwa kile ambacho mteja ameahidiwa. Mwenye boti ya starehe hukanyaga mafuta mpaka mwisho kwa muda mfupi, kisha hupunguza. Injini yake inafanya kazi saa chache kwa mwaka. Kampuni hiyo hiyo, ikiuza D13 kwa boti za kazi zinazozunguka mchana na usiku, huishusha nguvu kwa mamia ya farasi.

Nambari ya nguvu farasi, kwa maneno mengine, haitaji uwezo wa injini peke yake. Inataja uwezo huo pamoja na muda ambao mtengenezaji yuko tayari kuusimamia. Scania waliposema mwaka 2021 kwamba kizazi chao kipya cha injini za lita 13 kimeundwa kwa maisha ya kilomita milioni 2, walikuwa wanazungumzia nguvu vilevile, ijapokuwa sentensi hiyo haikutaja farasi.

Tuutazame muda huo kwa macho ya barabara yetu. Sheria ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito wa magari inaruhusu lori na tela lake kufika tani 56 kwenye ekseli saba. Likiwa na nguvu farasi 500, lori hilo lina nguvu farasi 9 kwa kila tani. STI ina karibu 190. Kwenye barabara tambarare, mwendo wa kilomita 80 kwa saa, lori linahitaji kama nguvu farasi 150 kushinda upepo na msuguano wa matairi, zilizobaki zimelala. Lakini likifika kwenye mlima wenye mwinuko wa asilimia 6, injini inakanyagwa mpaka mwisho na inabaki hapo, na hesabu inasema litapanda kwa kilomita 32 kwa saa hivi. Barabara ya kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma ina milima ya namna hiyo, na Kitonga mkoani Iringa ndiyo inayojulikana zaidi, mahali ambapo madereva wa malori yanayokwenda Zambia na Kongo hushusha gia moja baada ya nyingine huku kipimo cha joto kikichungwa kama sufuria ya maziwa. Kwa dakika zote hizo kila farasi wa injini yuko kazini.

Farasi 280 wa Subaru lini wote wanakuwa kazini? Gari hilo hufika kilomita 100 kwa saa kwa sekunde tano hivi. Baada ya hapo, kwenye tambarare, linahitaji nguvu farasi 20 au 25 kuendelea na mwendo huo, na dereva mwenye busara atakuwa ameshaondoa mguu. Katika saa nzima ya safari, nguvu zote zimeitwa kwa sekunde chache. Hata dereva asiye na busara hawezi kuziita kwa dakika kumi mfululizo bila kukosa barabara au kukutana na trafiki.

Hebu tufanye jaribio la mawazo ambalo natumaini hakuna atakayelifanya kwa vitendo. Tufunge injini ya STI kwenye lori la tani 56, tuipe giaboksi yenye gia za kutosha kushusha mizunguko, halafu tuipandishe mlima ule wa asilimia 6. Waumini wa "lori lina torki" watasema haitasogea. Itasogea, kwa kuwa gia huzidisha torki kadiri unavyotaka, na kinachobaki mlimani kuamua mwendo ni nguvu farasi peke yake. Hesabu tupu inaipa kilomita 18 kwa saa, mwendo ambao malori mengi ya zamani yangeufurahia. Kitakachoikwamisha ni joto. Kwenye mwendo huo rejeta haipati upepo wa maana; tabo inageuka nyekundu; kompyuta inaongeza petroli ya ziada ili kupooza silinda, kwa hiyo, kwa makadirio ya kawaida, injini inameza lita 80 na zaidi kwa saa, karibu sawa na Scania inayotoa nguvu mara mbili kasoro kidogo. Mafuta ya injini yanakuwa mepesi, beringi za konrodi zinakauka, na kabla mlima haujaisha tutakuwa na injini iliyonoki. Ilikuwa na nguvu za kupanda. Haikuwa na muda.

Hapo pia ndipo ilipo faida ya lori ambayo nguvu farasi kwa lita haiwezi kuionyesha. Injini bora za dizeli za malori leo hugeuza asilimia 45 na kuendelea ya nishati ya mafuta kuwa kazi, na Scania wanaitangazia ile ya mwaka 2021 asilimia 50. Petroli yenye tabo, ikikanyagwa mpaka mwisho, haikaribii huko. Mzunguko wa polepole, silinda kubwa isiyopoteza joto jingi ukutani, na mgandamizo mkubwa wa dizeli, vyote vilivyoonekana kuwa udhaifu tulipokuwa tunagawanya farasi kwa lita, ndivyo vinavyomlipa mwenye lori kila anapojaza tangi.

Ikiwa nambari ya nguvu ni ahadi, basi kama ahadi nyingine zote hujadiliwa. Watengenezaji wa Japani walikubaliana tangu mwaka 1989 wasitangaze gari lenye zaidi ya nguvu farasi 280, na makubaliano hayo yakadumu hadi 2004; ndiyo maana magari mengi ya enzi hiyo yaliyoletwa kwetu yamezaliwa na nambari ile ile kwenye karatasi, ingawa injini zao hazifanani hata kidogo. Upande wa malori, injini ya lita 12.7 ya Scania imeuzwa ikiwa na nguvu farasi 370, 410, 450 na 500, na tofauti kubwa kati yake huwa kwenye programu ya kompyuta na vifaa vya kuingiza hewa na mafuta.

Jambo hilo limezaa biashara. Mwenye lori la 410 akisikia kwamba injini yake na ya jirani mwenye 500 zina ukubwa mmoja, anamtafuta mtaalamu wa kompyuta ya kuifungulia nguvu, na lori linarudi likiwa limechangamka kweli. Simlaumu mwenye lori. Anayeuza huduma hiyo humwonyesha nguvu mpya na hamwonyeshi muda aliokatwa. Pistoni zilezile, rejeta ileile na giaboksi iliyochaguliwa kwa ajili ya 410 sasa zinapewa kazi ya 500, na matokeo hayaonekani kwenye safari ya kwanza wala ya kumi. Kama nambari hizo mbili zingekuwa zinaandikwa bega kwa bega, nguvu na muda wake, wengi wangefikiri mara ya pili.

Kwa bahati, ziko zinakoandikwa. Lori la umeme la Mercedes-Benz eActros 600 limetangazwa likiwa na nguvu mbili: kilowati 400 za kudumu na kilowati 600 za kilele, yaani nguvu farasi 544 na 816. Mota ya umeme haina pistoni wala haisubiri dizeli ichanganyike na hewa, kwa hiyo sababu zote mbili za mwanzo zimeondoka, na bado tofauti kati ya nguvu ya kupanda mlima na nguvu ya kulipita gari lililo mbele imebaki pale pale, kwa sababu joto la nyaya na la betri linahesabu dakika kama joto la pistoni lilivyokuwa linazihesabu. Magari ya umeme ya kasi, kwa upande wao, mara nyingi hutangaza kilele tu.